Maswali ya Wasomaji: Barafu Inayovuja, Uto Ulioganda na Gudulia Lililoacha Kupoza

Barua zilizotufikia safari hii kutoka Lamu na Malindi, ingawa waandishi wake hawajuani, zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: kitu kigumu kinapokuwa majimaji, au majimaji yanapokuwa mvuke, ni kipi hasa kinachobadilika, na joto lililoingia limekwenda wapi. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Wengine watajikuta wamejibiwa ndani ya majibu ya wenzao.

SWALI: Maalim, assalaam aleikum. Wenzangu wanaponunua barafu ya kuhifadhia samaki huikataa ile iliyoanza kuvuja maji, wakisema imekwisha nguvu, na hungoja ile kavu inayotoka frizani. Wengine huinyunyizia barafu chumvi ili samaki wapoe upesi. Je, wana haki?
Mvuvi, Kizingitini

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yetu. Katika jambo la kwanza wenzako wanajinyima barafu nzuri bure. Katika la pili wana haki nusu.

Nguvu ya barafu ya kupoza haitokani sana na ubaridi wake, bali na kuyeyuka kwake. Kilo moja ya barafu iliyo kwenye nyuzi 10 chini ya sufuri huhitaji takriban kilojuli 21 tu za joto (juli ni kipimo cha joto, na kilojuli ni juli elfu moja) ili ifike nyuzi 0. Ikishafika hapo huanza kuyeyuka, na ili iyeyuke yote huhitaji kilojuli 334, ambazo zingetosha kuyapasha maji ya uzito huo huo kutoka nyuzi 0 hadi karibu nyuzi 80. Lakini ukitumbukiza kipimajoto katika barafu hiyo inayoyeyuka, kitaendelea kusoma nyuzi 0 mpaka kipande cha mwisho kiishe. Joto linaingia, kipimo hakipandi. Joto la namna hii vitabu vya fizikia huliita jotofiche, na aliyelipima mwanzo kwa uangalifu ni Joseph Black, mwanakemia wa Uskoti, alipokuwa akifundisha Glasgow mwanzoni mwa miaka ya 1760. Kabla yake ilidhaniwa kwamba barafu ikishafika kwenye kipimo chake cha kuyeyukia, joto kidogo tu la ziada lingeigeuza yote kuwa maji.

Sababu iko katika mpangilio wa molekuli. Ndani ya barafu kila molekuli ya maji imeshikwa na jirani zake nne kwa utaratibu maalumu, na joto linaloingia wakati wa kuyeyuka halitumiki kuzitikisa molekuli kwa kasi zaidi, ambako ndiko kipimajoto hukupima, bali hutumika kuufungua utaratibu huo. Mtu afumuaye mkeka nguvu zake zote huishia katika kuachanisha miyaa, na miyaa yenyewe hubaki na urefu wake ule ule.

Kwa hiyo barafu iliyoanza kuvuja, maadamu bado ni mabonge, imebaki na karibu nguvu yake yote, na kila kilo ya mabonge hayo imezidiwa na ile kavu kwa kilojuli 21 tu katika jumla ya 355. Tena ina faida yake. Barafu kavu iliyo katika mapande makubwa humgusa samaki mahali pachache, lakini maji ya nyuzi 0 yanayotiririka kutoka kwenye barafu iliyopondwa humzunguka samaki mwili mzima, na humpoza upesi zaidi kuliko hewa iliyosimama kati ya mapande. Ponda barafu, tandika tabaka chini, panga samaki, tia barafu juu na pembeni, na uache tundu chini ya sanduku ili maji yenye damu na utelezi yapate pa kutokea.

Kuhusu kiasi, samaki kilo 10 waliovuliwa wakiwa na nyuzi 30 wanahitaji kama kilo 3 na robo za barafu ili kufika nyuzi 0. Hesabu hiyo haijaliingiza jua, wala mfuniko unaofunguliwa kila mara kumwonyesha mchuuzi. Ndiyo maana katika bahari za joto wavuvi hushauriwa kuchukua barafu kwa uzito sawa na wa samaki.

Ama chumvi, ni kweli kwamba huishusha barafu chini ya nyuzi 0, na ikichanganywa kwa kipimo cha kutosha yaweza kufika nyuzi 21 chini ya sufuri. Lakini ubaridi huo hupatikana kwa kuilazimisha barafu iyeyuke haraka, yaani unatumia sasa hivi akiba ambayo ungeihitaji mchana. Isitoshe, nyama ya samaki huanza kuganda kwenye nyuzi 1 au 2 chini ya sufuri, na ikiganda polepole, maji yaliyomo ndani yake hufanya fuwele kubwa zinazochana mnofu. Samaki huyo akishayeyuka hutoa maji na kulegea, na mnunuzi akimbonyeza kwa kidole alama hubaki. Chumvi iwekeeni ng'onda.

SWALI: Nilimpelekea binti yangu aliyeolewa Nairobi chupa ya uto wa nazi nilioupika mwenyewe, mweupe safi unaopitisha mwangaza. Baada ya siku chache alinipigia simu kwamba umekuwa kama nta, na wifi zake wanasema nimeuchanganya na mafuta ya mgando ya dukani. Tena mbaazi nilizompa haziivi hata zikitokota tangu asubuhi. Kuna nini huko Nairobi?
Mama wa Langoni, Lamu

JIBU: Mama yetu, kuna mwinuko na kuna baridi, na mawifi wamekudhulumu.

Uto wa nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Kwa kuwa Lamu ni nadra usiku kushuka chini sana ya hapo, mtu anaweza kuishi umri wake wote kisiwani bila kuuona umeganda, hata akadhani kwamba umajimaji ndiyo tabia yake ya asili. Nairobi usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 12 au 11. Hapo uto safi hauna budi kuganda, na mtu angekuwa na haki ya kutilia shaka ule ambao haukuganda.

Mwambie binti yako aitazame chupa jioni hewa inapoanza kupoa. Ataona ukungu mweupe, kisha vichembe vidogo kama sindano vikianzia kwenye ukuta wa chupa na chini, mahali panapopoa kwanza, na kuelekea katikati. Uto hauna kipimo kimoja kikali cha kugandia kama maji, kwa sababu ni mchanganyiko wa mafuta ya aina kadhaa, nayo huganda kwa zamu. Karibu nusu ya asidi za mafuta zilizomo ni ile iitwayo lauriki, ambayo molekuli zake zimenyooka na hupangika kwa urahisi ubavu kwa ubavu. Mafuta ya simsim yana molekuli nyingi zilizopinda, hazikubali kupangika hivyo, ndiyo maana chupa yake ikiwekwa kando ya ile ya uto, kwenye rafu ile ile ya Nairobi, itabaki majimaji. Samli nayo huanza kuganda mapema zaidi, na hilo hata Lamu mnalijua.

Sisemi kwamba kuganda peke yake ni ushahidi wa usafi, kwa maana mafuta ya mawese pia huganda. Nasema tu kwamba si ushahidi wa udanganyifu. Kuganda na kuyeyuka tena hakuuharibu uto hata kukirudiwa mara nyingi, maana molekuli ni zile zile na kilichobadilika ni namna zilivyokaa. Kinachouharibu ni maji yaliyobaki kwa kutokaushwa vizuri jikoni, pamoja na hewa na jua. Chupa na iwekwe katika maji ya uvuguvugu, wala isipelekwe motoni.

Kuhusu mbaazi, maji huchemka pale ambapo msukumo wa mvuke wake unalingana na mgandamizo wa hewa iliyo juu yake. Lamu iko usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi imeinuka zaidi ya mita 1,600, hewa yake ni nyepesi, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95. Mapovu ni yale yale, lakini mbaazi zinapikwa katika maji yaliyopungua joto, na kwa nafaka kavu za jamii ya kunde tofauti hiyo ndogo hurefusha sana mapishi. Kuzidisha moto hakusaidii. Maji yakishaanza kuchemka, joto lote la ziada huishia katika kuyafanya mvuke, kilojuli zipatazo 2,260 kwa kila kilo, na maji yaliyobaki hayazidi kipimo chake hata nyuzi moja. Binti yako atakuwa anachoma gesi ili kulowesha dari. Aziroweke mbaazi usiku kucha, au atumie sufuria ya presha, ambayo huuzuia mvuke usitoke, mgandamizo ukapanda na maji yakafika karibu nyuzi 120 kabla ya kuchemka. Tui alitie zikishaiva, kama ulivyomfundisha.

SWALI: Mawe ya matumbawe yakichomwa kwenye tanuu huwa chokaa. Je, huko nako ni kuyeyuka, au ni kuganda kwa namna nyingine?
Fundi wa nyumba, Mkomani

JIBU: Si kuyeyuka wala kuganda, fundi. Barafu ikiyeyuka hubaki maji, na ukiipoza huirudisha ilivyokuwa. Jiwe la matumbawe likifikishwa kwenye nyuzi 900 hivi huvunjika likawa vitu viwili: kabonidioksaidi, inayopotelea hewani, na chokaa isiyozimwa, inayobaki tanuuni ikiwa na uzito wa gramu 56 kwa kila gramu 100 za kiini cha jiwe. Ukiipoza chokaa hiyo mwaka mzima haitarudi kuwa jiwe. Itarudi ukutani tu, kidogo kidogo, baada ya kuzimwa kwa maji na kuivuta tena ile kabonidioksaidi kutoka hewani, na ndiyo sababu lipu nzito ya chokaa huchelewa kukomaa kwa ndani. Saruji nayo haigandi kwa kupoa, inakazana kwa kuungana na maji.

SWALI: Gudulia letu lilikuwa likipoza maji vizuri mwezi wa Januari. Ilipofika Mei maji yake hayana tofauti na ya ndoo. Mwanangu amelipaka rangi ya mafuta kwa nje ili lisitoe jasho kwenye meza, na sasa ni baya zaidi. Je, limechoka?
Msomaji, Shela

JIBU: Gudulia linaweza kuchoka, lakini hili lako limenyimwa pumzi mara mbili, kwanza na msimu, kisha na mwanao.

Udongo uliochomwa bila kutiwa ngozi ya kioo una vitundu vidogo mno. Maji hupenya polepole hadi upande wa nje, na pale juu ya uso wa gudulia molekuli zenye kasi kubwa zaidi huchomoka na kwenda hewani, zikiziacha nyuma zile zenye kasi ndogo. Huko ndiko kuvukiza, na hakungoji maji yafike nyuzi 100. Kwa joto la kawaida la Lamu, kila gramu inayovukiza huondoka na juli kama 2,430. Gramu 100 tu, ambazo hazijazi kikombe kidogo cha chai, zikivukiza kutoka kwenye gudulia la lita 10, zingetosha kuyashusha maji yaliyobaki nyuzi 5 au 6, lau joto jipya lisingekuwa likiingia kutoka nje. Joto huingia, bila shaka, kwa hiyo matokeo halisi ni pungufu ya hapo.

Hewa nayo ina kiasi inachoweza kukipokea. Wakati wa kaskazi upepo huwa mkavu kiasi, na gudulia lililowekwa dirishani hutoa maji bila kizuizi. Mvua za masika zinapoingia hewa hujaa unyevu, molekuli zinazorudi kwenye uso wa gudulia hukaribia kuwa nyingi sawa na zinazoondoka, na kupoza hukoma, ijapokuwa chombo ni kizima. Hata siku nzuri usitarajie maajabu ya jokofu: katika hewa ya nyuzi 31 yenye unyevu wa asilimia 70, maji hayawezi kushuka chini ya nyuzi 26 hivi kwa njia hii.

Rangi ya mafuta imeziba vitundu vyote, na sioni dawa yake isipokuwa kulikwangua, kazi ambayo ningempa aliyelipaka. Liwekee sahani chini kama jasho linaharibu meza. Chunguza pia kama kuna ukoko mweupe kwa nje, hasa ikiwa mnatumia maji ya kisima chenye magadi, kwa kuwa maji huvukiza na kuiacha chumvi yake mdomoni mwa vitundu. Lisugue kwa kumbi la nazi na maji matamu, bila sabuni, kisha lisimamishe mahali penye upepo na kivuli.

SWALI: Ninakaanga viazi karai na bhajia hapa Malindi. Usiku wa Ramadhani, mtungi wangu wa gesi wa kilo 6 ukishafanya kazi kwa muda mrefu hutoka jasho, huwa baridi sana kwa chini, na moto hupungua. Nikiupumzisha nguvu hurudi. Jirani anasema umetiwa maji. Mwingine amenishauri niuweke kwenye karai la maji ya moto au niulaze. Nifanyeje?
Dada wa bhajia, Malindi

JIBU: Dada yetu, tuanze na la hatari: usiulaze, na usiuweke katika maji ya moto wala karibu na jiko.

Ndani ya mtungi gesi nyingi si gesi, ni majimaji, na ukiutikisa utayasikia. Ni mchanganyiko wa propani, inayochemka kwenye nyuzi 42 chini ya sufuri, na butani, inayochemka karibu na nyuzi 0, na yote mawili yamebaki majimaji katika joto la Malindi kwa sababu tu yamefungwa chini ya mgandamizo. Unapofungua jiko mgandamizo hupungua, majimaji huchemka mle ndani, na mvuke wake ndio unaowaka. Kuchemka huko kunadai joto kama kuchemka kwingine kokote, kati ya kilojuli 350 na 400 kwa kila kilo, na kwa kuwa hakuna moto chini ya mtungi, joto hilo huchukuliwa kwenye majimaji yenyewe, kwenye chuma na kwenye hewa inayougusa. Jiko kubwa linalowaka saa nyingi hudai upesi kuliko hewa inavyoweza kulipa. Majimaji hupoa, mgandamizo hushuka, na moto wako hudhoofika. Ukiupumzisha mtungi, hewa hulipa deni.

Jasho unaloliona limetoka hewani. Mvuke wa maji uliomo katika hewa ya pwani hugusa chuma baridi na kugeuka matone, sawa na yanayotokea nje ya gilasi ya juisi ya barafu. Haliwezi kuwa ushahidi kwamba mtungi umetiwa maji. Litakufaa hata hivyo kwa jambo jingine: mahali jasho linapokomea ndipo usawa wa majimaji ulipo, na hapo utajua gesi iliyobaki bila kuunyanyua mtungi.

Maji ya moto hupandisha mgandamizo bila wewe kuuona, na mtungi haukutengenezwa kwa mchezo huo. Ukiulaza, kinachotoka kwenye mpira ni majimaji badala ya mvuke, nayo yakishatoka hutanuka zaidi ya mara 200, na mwali unaoweza kuruka hapo hautabaki kwenye karai. Tafuta mtungi wa kilo 13, ambao una chuma kipana zaidi cha kuvutia joto, au uwe na miwili midogo ya kubadilishana. Uweke wazi kwenye upepo, usiuvishe gunia wala kuufungia kabatini.

SWALI: Mwalimu wetu alituambia kwamba maji ya moto huganda kabla ya maji baridi, na kwamba aliyeligundua ni mwanafunzi wa Tanzania. Mimi na dada yangu tunauza barafu za ukwaju, na tungependa kujua kama ni kweli ili tuzigandishe upesi.
Mwanafunzi wa sekondari, Malindi

JIBU: Mwanangu, habari ya mwanafunzi ni ya kweli. Habari ya maji bado ina mjadala.

Mwaka wa 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, huko Tanganyika ya wakati huo. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia frizani. Siku moja nafasi ilikuwa ikigombaniwa, akayaingiza ya kwake yakiwa bado moto, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake aliyeyatia bila kuyachemsha. Alipouliza aliambiwa amechanganyikiwa, na darasani ikawa mzaha. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lile lile Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, ambaye hakucheka bali alikwenda kulijaribu. Makala yao wawili ilichapishwa mwaka wa 1969.

Tangu hapo sababu nyingi zimependekezwa. Maji ya moto huvukiza zaidi, kwa hiyo yanayobaki kuganda ni machache. Chombo cha moto huyeyusha sakitu iliyo chini yake, kikaigusa sahani ya friza barabara. Tena maji yaweza kushuka chini ya nyuzi 0 bila kuganda, yakangoja chembe ya kuanzia, na kungoja huko hakufanani kati ya chombo na chombo. Lakini mwaka wa 2016 Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza walipima kwa makini muda wa maji kufika nyuzi 0, hawakuuona ushindi wa maji ya moto, na wakaonyesha kwamba kuhamisha kipimajoto kwa sentimita moja tu ndani ya chombo kunatosha kuleta matokeo ya kupotosha.

Kwa biashara yenu, basi, nisingewashauri mtie ukwaju wa moto frizani. Utaipasha friza nzima joto, na barafu za jana zitalegea. Kwa elimu yenu, jaribuni. Chukueni ukwaju wa sufuria moja, mifuko ya aina moja yenye kipimo kimoja, na muamue kabla ya kuanza kama kuganda mnakokupima ni kuonekana kwa fuwele ya kwanza au ni mfuko mzima kuwa mgumu, kwa sababu majibu ya hayo mawili hutofautiana. Rudieni siku nyingine kwa kubadilishana nafasi za mifuko, maana pembe moja ya friza huwa na baridi kuliko nyingine. Na msiijaze mifuko hadi mdomoni: maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na ukwaju uliopasukia frizani hauuziki.